Refa Aliyefuatwa na Kamera ya Harusi

Uvumi ulimkuta Mama Kipenga kwenye kiti cha msusi, mahali ambapo mtu hawezi kuukimbia kwa sababu kichwa chake kimeshikwa na mwingine.

"Umesikia habari ya mashine?" msusi alimuuliza. Upande wa kulia ulikuwa umeshasukwa, wa kushoto bado umesimama kama umeona jini.

"Mashine gani tena?"

"Ya mpira. Inaletwa kwenye fainali ya mtaa, kama zile za kwenye televisheni. Jambo likitokea, wanalirudisha nyuma, wanalitazama upya, polepole, hata mara mia. Na nasikia refa akikanwa na mashine mbele za watu, basi tena. Hashiki filimbi mpaka anaingia kaburini. Kuna mmoja huko juu, yeye kasema penalti, mashine ikasema si penalti. Mpaka leo haonekani. Mkewe anasema yuko safarini."

"Safari gani?"

"Ndiyo hiyo sasa. Na wewe jiulize."

Mama Kipenga alitaka kujiuliza, lakini msusi alikuwa amemvuta nywele mpaka nyusi zikapanda, na mtu mwenye nyusi juu hafikiri vizuri. Akatoka pale na kichwa kizuri na moyo mbovu.

Huyu mama hakupewa jina hilo kwa kuupenda mpira. Kazi yake ni kushona mapazia, na mpira aliokuwa anaujua ni ule wa kiunoni mwa sketi. Jina lilitokana na binti yake, refa wa ligi ya mtaa, ambaye watu wote walimwita Kipenga kwa namna anavyopuliza filimbi kama mtu anayezima moto. Binti alikuwa mtu mzima mwenye akili zake na magoti yake, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu mzazi aliujua kupita kiasi. Mvua ikinyesha, alihesabu kwamba Kipenga ameteleza. Jua likiwaka, Kipenga ameanguka kizunguzungu. Siku isiyo na mvua wala jua, alisema ndiyo mbaya zaidi, maana haijulikani italeta nini.

Uvumi ule ukamganda kama harufu ya kitunguu mikononi. Unanawa, unafuta, ukijikuna pua upo. Alikaa kwenye cherehani akaona mashine. Alifungua kabati akaona mashine. Pazia la mteja alilishona likiwa na vishikizo chini badala ya juu, na mumewe, ambaye ni fundi bomba, akalishika akaligeuza huku na huku.

"Mke wangu, hili linaning'inizwa sakafuni?"

"Niache. Mwanao anasubiriwa na mashine."

"Mashine gani?"

Akamweleza yote, pamoja na yule refa aliye safarini, akamtilia na chumvi kidogo ili mume aelewe uzito wake. Baba Kipenga akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Wewe ukisikia mbu kapiga chafya, utasema nyumba nzima ina mafua."

"Cheka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Na kweli likaja, tena siku hiyohiyo jioni. Kipenga aliingia na viatu vyake vya mpira mkononi, jasho bado linamtiririka.

"Mama! Baba! Fainali nimepewa mimi! Gereji na Sokoni!"

Gereji ilikuwa timu ya mafundi magari. Sokoni ilikuwa timu ya wauza mboga, wabeba mizigo na kipa mmoja anayeuza viatu vya mitumba. Zilikuwa hazipatani hata kwenye misiba. Baba Kipenga akapiga makofi. Mama akatafuta kiti.

"Na mkaguzi wa marefa anakuja kunitazama," Kipenga akaendelea. "Nikimridhisha napanda daraja. Nachezesha ligi ya juu, mama, kwenye uwanja wenye majani ya kweli, si huu wetu wa kokoto."

"Na usipomridhisha?"

Kipenga akaviweka viatu chini taratibu. "Umri, mama. Mwaka huu ndio wa mwisho kwangu kupandishwa. Nikikosa, ni hapahapa, Gereji na Sokoni, Sokoni na Gereji, mpaka magoti yaseme basi."

Mama akauliza lile lililomkaa kooni. "Na hiyo mashine?"

"Ah, mashine ni raha! Nikiwa na shaka naenda kwenye televisheni, natazama tena, najirekebisha. Marefa wa zamani wakikosea, walikuwa wamekosea moja kwa moja."

"Na nani alijua kwamba wamekosea? Walisema 'nimeona', wakatukanwa, wakaenda nyumbani kula. Sasa wewe unarekebishwa uwanja mzima ukitazama. Mwanangu, hiyo si kurekebishwa. Hiyo ni kusutwa."

"Hata mimi nikifunga bomba narudia kulitazama," baba akaingilia.

"Wewe ukirudia, anayekuona ni mende. Mwenzio ataonwa na watu."

"Mama," Kipenga akasema, akimshika bega, "naomba kitu kimoja tu. Usifanye chochote."

"Mimi? Nifanye nini mimi? Mimi najua nini kuhusu mpira?"

Mama Kipenga akiuliza maswali matatu mfululizo namna ile, mwenye akili hufunga mlango kwa nje. Lakini Kipenga alikuwa na furaha, na furaha hupumbaza.

*

Kesho yake Mama Kipenga akauliza mashine inakaa wapi. Akaelekezwa kwenye chumba kimoja karibu na duka la dawa, kimeandikwa mlangoni PICHA ZA AINA ZOTE. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo akabeba kwapani pazia zito la kijani, ambalo mteja alikuwa ameagiza kisha akahama mtaa.

Ndani ukuta mmoja ulikuwa umechorwa maporomoko ya maji, na mbele yake kiti cha mapambo chenye mguu uliofungwa kwa waya. Mwenye chumba alikuwa mpiga picha za harusi. Watu walimwita Matukio. Alivaa kofia hata akiwa ndani.

"Karibu mama yangu. Ni posa au ni harusi kamili?"

"Ni mpira. Nimeambiwa mashine ya kuwatazama marefa iko hapa."

Matukio akajipiga kifua. "Iko mbele yako. Mwenyekiti wa ligi kaniajiri mimi. Kamera yangu, kompyuta yangu, televisheni yangu, jenereta yangu. Mashine ndiyo mimi."

Mama Kipenga akamtazama kutoka juu mpaka chini. Siku zote hizo alikuwa anaogopa lidude la chuma lenye taa nyekundu, kumbe mashine yenyewe imevaa kandambili.

"Kamera unazo ngapi?"

"Mbili. Moja iko kwa fundi."

"Kwa hiyo moja."

"Moja nzima, mama."

Akavuta kiti, si kile cha waya, akakaa karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Refa wa siku hiyo ni binti yangu. Watu wana midomo. Watasema alikuwa mbali, watasema aligeukia pembeni, watasema alicheka na mchezaji. Nataka umshike. Akikimbia, uwe naye. Akisimama, uwe naye. Usimwache hata kidogo, ili wakimsingizia, picha iwe shahidi wake."

Uso wa Matukio ukang'aa. Kumbe naye alikuwa na hofu zake: mpira hakuwahi kuupiga picha, na tangu apewe kazi ile alikuwa hajui aelekeze kamera wapi, watu ishirini na wawili wote wanakimbia na hakuna hata mmoja aliyevaa shela.

"Mama, hapo umefika kwa mwenyewe. Mimi bibi harusi simwachi hata akipiga chafya. Kuna harusi moja nyumba ya jirani ilishika moto, wageni wote wakakimbia kutazama. Mimi nikabaki na bibi harusi."

Mama Kipenga alifurahi kusikia hivyo. Laiti angejiuliza, na ule moto nani aliupiga picha! Hakujiuliza. Akatoa pazia.

"Hili ni lako. Lizungushie televisheni, jua lisipige kwenye kioo. Na mwanangu akija kutazama, atazame kwa faragha, asije akasomwa usoni."

Akarudi nyumbani anatembea mwepesi. Siku ile pazia la mteja likashonwa, na vishikizo vikakaa juu.

*

Siku ya fainali uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya magari mabovu ya gereji. Matukio alikuwa juu ya ngazi, kofia imegeuzwa nyuma, kamera begani. Chini yake, kando kabisa ya mstari, lilisimama banda la nguzo nne lililozungushiwa pazia la kijani, ndani yake televisheni na kompyuta, nje yake jenereta linakohoa. Mama Kipenga akajipatia nafasi karibu na lile pazia. Baba Kipenga akasimama kando yake na mwavuli. Mbali kidogo alikaa mkaguzi wa marefa, mama mwembamba mwenye miwani, anatafuna karanga moja moja na hacheki na mtu.

Kipenga alitoka akiwa amenyooka kama mshumaa. Nyuma yake washika vibendera wawili, wa upande huu alikuwa mwalimu wa udereva, mtu anayejulikana mtaa mzima kwa kuwafokea wanafunzi wake, "Macho barabarani! Macho barabarani!"

Mpira ukaanza, na mara ikaonekana kwamba mashine imewaingia watu vichwani kabla haijawashwa. Kila aliyeguswa alianguka, akachora mraba hewani kwa vidole, ishara ya kuitaka mashine. Aliyenyimwa mpira wa kurusha akachora mraba. Kipa wa Sokoni, yule wa mitumba, akachora mraba akitaka kuonyeshwa nani kamtukana kutoka nyuma ya goli. Mtazamaji mmoja akapenya mpaka kwenye mstari akachora wa kwake.

"Refa! Rudisha nyuma! Kuna mtu kanikanyaga akaondoka na kandambili yangu!"

"Mashine si ya kutafutia kandambili!" Kipenga akamjibu bila kusimama, na watu wakamshangilia.

Kwa kweli alichezesha vizuri. Alikuwa karibu na kila kitu, filimbi yake haikusitasita, na hata mkaguzi alionekana mara moja akiitikia kwa kichwa kidogo kama mtu aliyekuta karanga ambayo haijaoza. Kamera ya Matukio ilimfuata kila alikokwenda. Mama Kipenga aliitazama inavyogeuka juu ya ngazi, akajisikia kama amemwekea mwanawe malaika.

"Mbona Matukio haelekezi kule mpira ulipo?" Baba Kipenga akauliza.

"Wewe bomba unalijua, kamera waachie wenyewe."

Dakika zikaenda, hakuna aliyefunga. Zilipobaki chache, mshambuliaji wa Gereji akaupata mpira nje kidogo ya eneo la hatari. Kipenga akajongea, yuko pazuri, macho mbele. Na ni wakati huohuo Mama Kipenga alipoona kamba ya kiatu cha kushoto cha mwanawe imefunguka na inaburuzika kwenye kokoto. Alimwona ameshaanguka, meno yameshamwagika, mkaguzi ameshafunga mkoba.

"Mwanangu! Kambaaa! Kamba ya kiatu!"

Sauti ya mama haina mlango. Kipenga akainama kutazama.

Mshambuliaji akapiga. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukashuka chini kama jiwe, ukadunda mahali fulani pale kwenye mstari, na kipa wa Sokoni akaurukia akaulalia kama kuku juu ya yai. Kipenga alipoinua uso, aliona mgongo wa kipa tu.

"Goliii!" nusu ya uwanja.

"Si goliii!" nusu nyingine.

Wachezaji wote wakamzunguka, kila mmoja ana mraba wake hewani. Kipenga akajipenyeza, akapuliza filimbi, naye akachora wa kwake, ule wa halali. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Hatimaye mashine!

Akaingia ndani ya pazia. Matukio akateremka ngazi mbio akamfuata. Mama Kipenga, ambaye alikuwa ameahidi kutofanya chochote, akajikuta na yeye yuko ndani. Miguu ndiyo iliyokwenda, mwenyewe hakuituma.

"Mama, toka."

"Nimekuja kushika pazia lisipeperuke."

Matukio akabonyeza. Kompyuta yake ilikuwa bado na mipangilio ya harusi ya wiki iliyopita, na chochote kilichorudishwa nyuma ilikipamba yenyewe. Muziki wa taratibu ukaanza, wa zeze na kinanda. Vimioyo vyekundu vikaelea kutoka pembe za kioo. Na katikati yao, kwa mwendo wa kinyonga, akatokea Kipenga: nywele zinaruka, kipenga kinang'aa kifuani, shavu lina tone moja la jasho linaloteremka kama lulu. Alikuwa amependeza, hilo halina ubishi.

"Mpira uko wapi?" Kipenga akauliza.

"Subiri, uzuri unakuja."

Kipenga wa kwenye kioo akageuza kichwa polepole. Akainamisha uso polepole. Akatazama kiatu chake polepole, vimioyo vikimwagika. Nyuma yake, mbali, kwenye kona ya picha, ulionekana mguu mmoja wa mtu usiojulikana wa nani. Kisha Kipenga akainua uso, akashangaa, picha ikaganda juu ya ule mshangao na kujizungushia maua.

"Hiyo ya kuganda huwa wanaipenda sana kwenye fremu," Matukio akasema.

"Nipe nyingine. Nipe ya golini."

"Golini sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Na wewe. Mama alisema nisikuache."

Muziki ukaendelea kulia peke yake. Kipenga akamgeukia mama yake polepole, na mara hii haikuwa kazi ya kompyuta. Mama Kipenga akatamani ardhi ipasuke, lakini uwanja ule wa kokoto haukupasuka.

"Nilitaka uwe na shahidi," akasema kwa sauti ndogo.

"Umenipatia. Shahidi kaona nilikuwa natazama kiatu."

Akatoa mkono nje ya pazia akamwita mwalimu wa udereva. Huyu akaingia amekumbatia kibendera.

"Mpira ulivuka mstari au haukuvuka?"

Mwalimu akajikuna kisogo. "Unajua, kitambaa kilikuwa kimechomoka kwenye mpini. Nikawa nakirudishia."

"Mpira ukiwa golini?"

"Nikasema mashine si ipo? Mashine itaona."

Kipenga akafumba macho. Akataka kumfokea, kisha akajizuia, maana na yeye alijijua. Miaka yote aliyochezesha bila mashine, hata kama mama angelia kwamba nyoka kapanda kifuani, asingeinama mpira ukiwa eneo lile. Leo aliinama. Aliinama kwa sababu kichwani mwake kulikuwa na kauli ileile ya mwalimu: mashine si ipo?

Nje watu walianza kupiga makopo. Mama Kipenga akamsogelea mwanawe sikioni.

"Sema goli," akanong'ona. "Gereji ndio wengi, utatoka salama. Au sema si goli, vyovyote, lakini sema umeona. Tuko wanne tu humu. Pazia ni zito, nimelishona mwenyewe. Nani atajua? Mwanangu, daraja lako liko pale nje linatafuna karanga."

Kipenga akamtazama. Akainama, akafunga kamba ya kiatu, mafundo mawili. Akatoka nje.

Manahodha wakasogea. Mkaguzi akasimama.

"Mashine haikuona," Kipenga akasema kwa sauti ya kusikika mpaka juu ya magari mabovu. "Mshika kibendera hakuona. Na mimi sikuona, nilikuwa natazama kiatu changu. Goli lisiloonwa na mwamuzi si goli. Nitadondosha mpira kwa kipa, tunaendelea."

Pakawa kimya kama watu wamesahau namna ya kupiga kelele. Kisha wakakumbuka wote kwa pamoja.

"Umehongwa!"

"Mashine inafichwa! Tuonyesheni mashine!"

Nahodha wa Gereji, fundi wa breki, akaanza kuja mbele na wenzake nyuma yake, na mama wa watu akaona yule refa wa safarini anamkaribisha mwanawe safarini. Hapo ndipo Matukio alipochukia. Si kwa ajili ya Kipenga. Kwa ajili ya kazi yake. Hajawahi kuambiwa anaficha picha.

"Nani anaficha?" akapiga kelele. Akalivuta pazia kwa mkono mmoja, likaanguka lote, akaigeuza televisheni iwatazame watu, akaongeza sauti na kubonyeza.

Zeze na kinanda vikajaa uwanja mzima. Vimioyo vikaelea. Kipenga akatokea, nywele zinaruka.

Fundi wa breki akasimama. Wenzake wakamgonga kwa nyuma. Mwanamke mmoja upande wa Sokoni, aliyezoea kwamba muziki ule ukilia bibi harusi anaingia, akapiga kigelegele, akapokewa na wengine. Kipenga wa kwenye kioo alipoinamia kiatu kwa mwendo wa kinyonga, kicheko kikaanzia juu ya magari kikashuka kama mawe ya mlimani. Fundi wa breki alijaribu kukaza uso, akashindwa, akakaa chini kwenye kokoto akajifuta machozi kwa jezi.

"Rudisha tena!" watu wakaimba. "Rudisha tena!"

Wakarudishiwa picha. Hasira haikurudi nayo. Mchezo ukaendelea, ukaisha bila kufungana, na kwenye mikwaju ya penalti Sokoni wakashinda. Gereji walidai kwamba wameibiwa, kama timu inayofungwa inavyopaswa kudai, lakini kila walipofika kwenye neno "kiatu" walianza kucheka upya.

*

Mkaguzi alimwita Kipenga kando, nyuma ya gari bovu lisilo na milango. Mama Kipenga akaenda kusimama upande wa pili wa gari hilo. Alikuwa anamsubiri mumewe, ndivyo alivyojiambia, ingawa mumewe alikuwa kule kwingine anakunja pazia.

"Daraja sikupi," mkaguzi akasema.

Kipenga akatazama viatu vyake.

"Refa wa kati hainami mpira ukiwa eneo la hatari. Hata mama yake angekuwa anazama. Hilo sina mjadala nalo."

"Najua, mkaguzi."

Upande wa pili wa gari, mtu alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Lakini nina jambo jingine. Ligi ya juu inaleta mashine msimu ujao. Mashine kweli, si huyu wa harusi. Kamera kila pembe, na chumba cha watu wa kuzitazama. Nimejaribu marefa wengi kwenye chumba hicho. Nawawekea picha, kila mtu anaona alichokwisha kukiamua uwanjani. Mmoja nilimwonyesha mkono wake mwenyewe unaelekeza kona, akasema si wake. Kamera tutanunua nyingi tu. Mtu wa kuziamini zinapomsema yeye, huyo hauzwi dukani." Akatafuna karanga. "Umri wa chumbani hauna kikomo. Unataka?"

"Nilitaka majani," Kipenga akasema.

"Najua ulitaka majani. Mimi nakuuliza kuhusu chumba."

"Naomba nifikiri."

"Fikiri. Na yule mama aliye nyuma ya gari mwambie atoke, kuna siafu pale."

Walirudi nyumbani watatu kwa miguu, Baba Kipenga katikati na pazia begani. Njiani watu waliopita waliimba ule muziki wa zeze. Nyumbani Kipenga akakaa uani akaanza kusugua viatu vyake kwa brashi, akisugua hata palipokwisha takata. Mama akasimama mlangoni.

"Kiti cha chumbani nacho si kibaya," akaanza. "Hakuna mvua, hakuna jua, hakuna wa kukurushia kopo..."

"Mama. Kwanza nyamaza."

Mama akanyamaza. Kazi ile ilimwia ngumu kuliko kushona ngozi, lakini aliifanya. Brashi ikaendelea mpaka kiatu kimoja kikaisha, na cha pili kikaisha.

"Mimi nilikuwa naipenda ile mashine," Kipenga akasema hatimaye. "Na bado naipenda. Ingekuwa inatazama goli, leo watu wangepata haki yao. Ila niliisikia ipo nikapumzisha macho. Mwalimu naye akapumzisha ya kwake. Na wewe ukaenda kuyagandisha macho ya mashine kwangu. Hakuna aliyebaki kuutazama mpira, mama. Watu wote wale, na mpira ukabaki yatima."

"Nisamehe, mwanangu."

"Bado. Nikikusamehe leo, kesho utaniletea mwavuli uwanjani." Akavifunga viatu kamba kwa kamba, akavitundika kwenye msumari. "Chumbani nitakwenda. Lakini huko haingii mtu asiye na kazi. Hata mmoja."

"Hata..."

"Hata."

Alikwenda. Siku za mechi, Mama Kipenga anakaa nyumbani na redio. Mtangazaji akisema refa wa kati anasubiri neno kutoka chumbani, cherehani inasimama, na mumewe anashika bomba bila kulikaza. Kisha neno linatoka. Wengine wanalishangilia na wengine wanalizomea, kama ilivyokuwa kabla mashine hazijazaliwa.

Basi kwa kila mzazi mwenye mtoto refa, haya ndiyo ya kuepuka:

Kuchukua habari za kazi ya mtoto kwa msusi.

Kwenda kwa mtu wa kamera na kumweleza aielekeze wapi.

Kumpa mpiga picha wa harusi kazi ya mpira bila kumwambia kwamba bibi harusi wa siku hiyo ni mpira.

Kumwita mtoto akiwa kazini, kwa sababu ya kamba au kwa sababu nyingine.

Kusema "mashine si ipo" na kutazama pembeni.

Kuingia ndani ya banda la marudio kama wewe si mwamuzi.

Kumwambia mwamuzi aseme ameona wakati hakuona.

Kusimama nyuma ya gari bovu kusikiliza ya wakubwa, hasa penye siafu.

Kumwomba mtoto msamaha leo na kumharakisha akujibu leo.